Kompyuta Isiyorudi Karakana

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wafadhili wetu, na zaidi ya wote ninyi ndugu zangu mliojiandikisha kujitolea katika karakana hii ya kukarabati kompyuta zilizokwisha kutumika:

Nimeombwa niwaeleze kazi yetu ilivyo, na nimepewa nusu saa. Katika orodha ya waliojiandikisha nimeona mafundi wa mitandao, waandishi wa programu, wanafunzi wa umeme, mhasibu mmoja, na watu wawili ambao mbele ya neno "ujuzi" wameandika "sina". Hao wawili nitawarudia kabla sijashuka jukwaani, kwa kuwa tuna kazi yao, tena kazi nzito.

Marafiki zenu wakisikia kwamba mnajitolea hapa watawauliza: mmetengeneza kompyuta ngapi? Miaka yangu miwili ya kwanza nililijibu swali hilo kwa fahari, nikitaja idadi na kuiongeza kidogo masimulizi yakinoga. Siku hizi nahesabu kitu kingine kabisa. Nahesabu zile zilizotoka kwenye mlango ule na hazijarudi. Nitawaeleza kwa nini nimehamia kwenye hesabu hiyo, na pia kwamba hesabu yenyewe ina mtego wake.

Mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini. Niliipangua, nikapuliza vumbi, nikatoa diski yake ya kuzunguka nikaweka ya SSD, ile isiyo na sehemu inayozunguka, nikaongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, nikapaka upya pasta ya joto juu ya kichakataji, nikasakinisha mfumo endeshi. Mashine iliyokuwa ikijikongoja kwa dakika kadhaa sasa ilikuwa inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Niliitazama kama mzazi anavyomtazama mwanawe siku ya mahafali. Ikapelekwa kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akiandaa masomo yake yote kwa kalamu. Baada ya wiki tatu ikarudi ikiwa imebandikwa karatasi yenye mwandiko mzuri wa kiualimu: "Intaneti haifunguki. Nimejaribu kila siku."

Intaneti yake haikuwa na tatizo lolote. Juu ya ubao mama wa kompyuta hukaa betri bapa ya volti 3, ukubwa wake kama sarafu, ambayo kazi yake ni kuiendesha saa ya mashine wakati hakuna umeme. Betri hiyo ilikuwa imekufa. Mwalimu, akiwa mtu mwangalifu, kila jioni alichomoa waya ukutani, na kila asubuhi saa ya kompyuta ilianza upya kutoka tarehe ya miaka mingi iliyopita. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba leo ni siku ambayo cheti hicho hakijaanza kutumika hukichukulia kuwa cha kughushi na kukataa kufungua ukurasa. Sisi hapa hatukuliona tatizo hilo hata mara moja, kwa sababu kompyuta ya mezani iliyochomekwa kwenye soketi hupata umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, na mashine zetu hushinda na kulala zikiwa zimechomekwa. Vipimo vyangu vyote vilikuwa sahihi, ila vilikuwa vipimo vya karakana, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha nyumbani kwa mwalimu. Kwa betri ambayo tunazo boksi zima kwenye droo, alipoteza wiki tatu, na lililoniuma zaidi ni kwamba muda wote huo alidhani mwenye kosa ni yeye.

Tangu siku hiyo kila kompyuta ya mezani huchomolewa ikalala usiku mmoja bila umeme kabla ya ukaguzi wa mwisho. Mtaona foleni yake kwenye rafu ya kushoto, na mtaona pia kwamba wapya huichukia foleni hiyo kwa sababu inachelewesha.

Mafundi wengi hufika hapa wakidhani kwamba kukarabati ni kutengeneza kwingi, lakini hayo ni mambo mawili. Anayetengeneza huletewa mashine na mwenyewe, huambiwa kasoro, huondoa kasoro ile ile, na kama amekosea mwenyewe atarudi kesho akiwa amekunja uso. Sisi hupokea mashine ambayo historia yake hatuijui, kutoka kwa mtu ambaye hana haja nayo tena, na tunaiandaa kwa ajili ya mtu ambaye hatujawahi kumwona, asiyeweza kutuelekeza anachotaka na ambaye, kwa kuwa amepewa bure, ataona haya kulalamika. Ujuzi mnaotoka nao kazini ni mzuri na tunauhitaji. Ila kazini mmezoea kulipwa kwa kugundua tatizo gumu, ilhali hapa mtatumia muda mwingi kuthibitisha kwamba matatizo mepesi hayapo: kila kitufe cha kibodi kinaandika, kila tundu la USB linashika, spika inatoa sauti, kamera inaona, bawaba za skrini hazilegei, na chaja iliyomo mfukoni ndiyo ya mashine hiyo na si ya jirani yake.

Kabla ya hayo yote kuna jambo moja ambalo likiharibika hakuna atakayetuletea kompyuta tena, nalo ni siri za waliotuamini. Mwaka 2003 watafiti wawili wa MIT, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kazi yao ya kununua diski 158 zilizotumika na kuangalia kilichobaki ndani. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta maelfu ya namba za kadi za benki, barua za watu na kumbukumbu za hospitali. Wengi wa waliouza diski hizo hawakuwa wazembe. Walikuwa wamefuta mafaili, wengine wameiumba diski upya (kuiformati), wakaamini kwamba kazi imekwisha. Kufuta faili kwa njia ya kawaida ni kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuziacha sura zote za kitabu mahali pake.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu, na ndio sehemu pekee ya kazi hii ambayo hatukubali ubunifu. Mashine ikipokelewa, diski hutolewa kabla haijawashwa hata mara moja. Sababu yake si ya kiufundi. Zamani tulikuwa tukiwasha kwanza ili tuone kama inafanya kazi, na siku moja ikajitokeza skrini nzima picha ya mtu akiwa kitandani hospitalini, mirija mwilini, na sisi watu watano tusiomjua tumesimama pale tukimkodolea macho. Diski ya kuzunguka huandikwa juu yake yote kwa programu maalumu, na mzunguko mmoja uliothibitishwa unatosha kwa diski za kisasa. Ile imani ya mizunguko saba au thelathini na tano imebaki kwa wanaopenda kusubiri. Diski ya SSD ni habari nyingine, kwa sababu kidhibiti chake hutawanya maandishi na huweka akiba ya sehemu ambazo programu ya kawaida haizifikii, kwa hiyo tunatumia amri ya kufuta iliyojengwa na mtengenezaji ndani ya diski yenyewe. Mwongozo tunaoufuata ni wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2006 na kupitiwa upya mwaka 2014 na 2025. Diski inayokataa kufutika hutobolewa. Namba ya diski, jina la aliyefuta na la aliyehakikisha huandikwa kwenye kitabu, watu wawili tofauti, kwani wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nikiwa bado hapo kwenye mapokezi, angalieni kufuli. Kompyuta iliyotoka kampuni kubwa inaweza kuwa na nenosiri la BIOS, ile programu ya awali inayoiamsha mashine, au ikawa bado imesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa kampuni ile, na usajili wa namna hiyo hauondoki kwa kubadilisha diski. Utaikarabati, utaing'arisha, itafika kwa mwanafunzi, naye akiiunganisha na intaneti siku ya kwanza itamwomba anwani ya barua pepe ya mwajiri asiyemjua. Simu moja kwa aliyetupatia, kabla hatujagusa skrubu yoyote, huondoa aibu hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linalotugawa sisi wenyewe, nalo ni lipi tuliokoe na lipi tuliache. Sote tumekuja hapa kwa sababu tunachukia kutupa. Na tuna haki ya kuchukia: ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa inavyotakiwa. Nyuma ya kila kompyuta kuna mzigo ambao haonyeshwi mnunuzi. Utafiti uliochapishwa na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mwaka 2004 ulikadiria kwamba kuunda kompyuta moja ya mezani pamoja na skrini yake ya inchi 17 ya wakati huo kulihitaji angalau kilo 240 za mafuta na makaa, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Mzigo huo ukishatumika umetumika, na njia ya busara ni kuifanya mashine iishi miaka mingi zaidi.

Lakini huruma hiyo hiyo hutupotosha. Kila karakana ina mgonjwa wake mpendwa, kompyuta mpakato ambayo fundi hodari ameishughulikia jioni sita mfululizo, ameondoa kapasita zilizovimba, ameazima skrini, ameunga waya wa feni, na mwishowe amepata mashine ya muundo wa zamani wa biti 32 yenye RAM ya gigabaiti 1 ambayo haiwezi kufungua ukurasa wa kawaida wa leo bila kuganda. Nakiri kwamba raha ya ufundi ilikuwepo. Aliyekaa nje akisubiri kompyuta, hata hivyo, hakupata kitu, na katika jioni hizo sita zingetoka mashine tano za kawaida zilizohitaji kusafishwa na kubadilishiwa diski tu. Hata Debian, mradi wa mfumo endeshi huria wa Linux ulioanza mwaka 1993 na ambao sifa yake ni kutoziacha mashine za zamani, katika toleo lake la 13 lililotoka Agosti 2025 umeacha kutoa kisakinishi cha kompyuta za biti 32. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tumekubaliana kwamba mashine ambayo haijasimama baada ya saa tatu za kazi hupelekwa meza ya kuvunjwa ili itupatie spea, na anayetaka kuibishia kanuni hiyo hubisha na mtu mwingine asiyekuwa ameigusa mashine ile, kwani aliyeigusa ameshampenda mgonjwa.

Kuna sababu ya pili ya kuwa wakali. Kompyuta isiyopimwa ikipakiwa kwenye kontena na kuitwa msaada inakuwa taka iliyobadilishiwa jina, na mpokeaji ndiye anayebaki na gharama ya kuitupa. Mkataba wa Basel, uliopitishwa mwaka 1989 na kuanza kutumika mwaka 1992, uliwekwa ili kudhibiti usafirishaji wa taka hatari kuvuka mipaka. Na tangu Januari 1, 2025 taka zote za kielektroniki, ziwe zimehesabiwa kuwa hatari au la, zinahitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla hazijasafirishwa. Ile fomu ya vipimo mnayoiona ya kuchosha, yenye kisanduku cha kila tundu na kila kitufe, ndiyo inayoonyesha kwamba tunachokitoa ni kompyuta.

Kwa upande mwingine, msiwe wepesi wa kuhukumu kwa umri. Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, tumekuwa tukiletewa mashine nzuri kabisa ambazo kosa lao pekee ni kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 au kuwa na kichakataji kisichomo katika orodha ya vinavyokubaliwa na Windows 11. Ukiiwekea Linux, mashine kama hiyo yenye RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD itamhudumia mwanafunzi au mwandishi kwa miaka.

Hapo naomba radhi kwa wapenzi wa Linux, ambao nami ni mmoja wao. Tuna tabia ya kumpa mtu kompyuta na imani yetu kwa pamoja. Fundi mmoja kijana, hodari sana, alikuwa akisakinisha mazingira ambayo madirisha yake huendeshwa kwa kibodi peke yake bila kipanya, kwa hoja kwamba ni ya haraka zaidi. Ni kweli ni ya haraka, kwake. Mama aliyeipokea alikaa nayo siku mbili akitafuta mahali pa kubofya. Ulizeni kwanza atakayepokea ataifanyia nini, ameshazoea nini, na jirani yake anatumia nini, kwa sababu jirani ndiye fundi wake wa kwanza. Baada ya hapo chagueni mfumo ulio wa kawaida, wenye menyu inayoonekana, wekeni lugha anayoisoma, na muache karatasi moja yenye nenosiri na hatua tano za mwanzo. Moyo wenu wa uvumbuzi upelekeni kwenye kompyuta zenu wenyewe.

Kuhusu muda, nitasema waziwazi jambo ambalo mashirika mengi huogopa kumwambia mtu anayejitolea. Saa mbili kila wiki zinatufaa kuliko Jumamosi moja ya ushujaa inayofuatwa na miezi mitatu ya kimya. Si suala la bidii. Kompyuta mpakato iliyofunguliwa na kuachwa mezani ni kitendawili. Chini yake kuna skrubu kama kumi na tano zinazofanana kwa macho lakini zinatofautiana urefu kwa milimita moja au mbili, na ukiingiza ndefu mahali pa fupi, ncha yake hupanda mpaka kwenye ubao mama au huvimbisha sehemu ya kuelekezea kishale. Fundi mpya huziweka zote katika kikombe kimoja, huambiwa nyumbani kuna dharura, huondoka, na anayefuata hukuta kikombe. Wazoefu huchora umbo la mashine kwenye karatasi, hubandika kila skrubu kwa utepe pale pale ilipotoka kwenye mchoro, na huandika pembeni walipofika. Mtu wa namna hiyo akipata dharura, hata kama harudi tena, kazi yake inaendelea. Nikiulizwa ujuzi gani ni adimu zaidi karakanani, sitataja kuunga kwa risasi wala kusoma michoro ya umeme. Nitataja uwezo wa kuacha kazi ikiwa katika hali ambayo mwingine anaweza kuishika.

Waandishi wa programu, hili linawahusu zaidi kuliko mnavyodhani, nami nitawatolea mfano wa mtu ninayemjua vizuri. Aliingia hapa, akatazama madaftari yetu, akasikitika, na kwa mwezi mmoja akaandika programu nzuri ya kufuatilia kila mashine tangu kupokelewa hadi kutoka, yenye lebo za kusomwa na kamera na chati za rangi. Tukampigia makofi. Akahamishwa kikazi. Miezi minane baadaye seva ikagoma, nenosiri lilikuwa kichwani mwake, lugha aliyoandikia hakuna mwingine aliyeijua, na kumbukumbu za mashine zaidi ya mia mbili zikabaki ndani kama samaki kwenye barafu. Karakana ikarudi kwenye madaftari. Mtu huyo ni mimi. Niliporejea nilikuta wenzangu wamenisamehe, lakini lahajedwali ya kawaida waliyoianzisha kwa kukata tamaa ndiyo tunayoitumia mpaka leo, na inatutosha. Mkitaka kutujengea kitu, jengeni kile ambacho mtu wa tatu baada yenu ataweza kukirekebisha, na nywila zikae kwenye bahasha ya ofisi.

Usalama nitausema kwa ufupi kwa kuwa mtafundishwa Jumatano. Betri ya lithiamu iliyovimba haibonyezwi, haitobolewi wala haichokonolewi kwa bisibisi. Huwekwa kwenye ndoo ya mchanga iliyo nje na aliyeigundua hutoa taarifa. Kisanduku cha kugawa umeme cha kompyuta ya mezani hakifunguliwi kamwe, kwa sababu kapasita zake hubaki na chaji baada ya waya kuchomolewa. Skrini nene za zamani, zenye tyubu ya kioo iliyosheheni madini ya risasi, hatuzigusi kabisa.

Sasa wale wawili walioandika "sina". Kuna shirika liitwalo Free Geek, lililoanzishwa Portland katika jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 2000, ambalo tangu mwanzo liliwapokea watu wasiojua lolote kuhusu kompyuta, likawafundisha kupangua na kuunganisha, na likawapa kompyuta kwa saa walizofanya kazi. Sisi tumeazima sehemu ya wazo hilo. Ninyi mtakuwa wakaguzi wa mwisho. Mtapewa mashine ambayo fundi ameipitisha, pamoja na karatasi yake ya maelekezo, na mtaitumia kwa saa moja kama mtu aliyeipokea nyumbani: kuiwasha, kuandika barua, kuihifadhi, kuipata tena, kutazama video, kuifunga kifuniko na kuifungua. Kila mahali mtakapokwama, mwandike. Fundi hataruhusiwa kuwaambia "hapo bonyeza tu", kwa maana hatakuwepo kule inakokwenda. Mafundi wenye miaka kumi ya kazi wamewahi kununa kwa sababu ya karatasi hizo, na mashine zao zikatoka zikiwa bora zaidi. Mkishajua mengi mno, ambalo litatokea, tutawahamisha na kuwatafuta wengine wasiojua.

Nilisema kipimo changu kina mtego. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mashine isiyorudi ni mashine inayofanya kazi. Kisha mhasibu wetu wa zamani, kwa ukorofi wa kihasibu, akaniuliza ninajuaje kwamba haiko kabatini. Sikuwa na jibu. Tukaanza kupiga simu, mwezi mmoja baada ya kukabidhi na tena baada ya miezi minne, na jibu tulilolipata mara nyingi mno lilikuwa shukrani nyingi zikifuatwa na neno "ila". Mmoja alikuwa ameisahau nywila akaona aibu kuuliza. Mwingine chaja yake ilikatika ndani ya waya, naye akaamini kompyuta nzima imekufa.

Yupo kijana wa sekondari niliyempigia mimi mwenyewe. Akasema mashine ni nzuri, anaitumia kila siku, anatushukuru sana. Nikamuuliza kama kuna lolote dogo linalomsumbua. Akasita, kisha akasema kwamba herufi ya N haiandiki. Haikuandika tangu wiki ya pili. Nikamuuliza anaandikaje insha zake, na ninyi mnajua Kiswahili bila N kinakuwaje. Akanieleza kwa utulivu kabisa kwamba amehifadhi faili moja lenye herufi hiyo, moja kubwa na moja ndogo, na kila anapoihitaji huinakili kutoka humo na kuibandika. Amefanya hivyo kwa miezi minne. Alinisomea sentensi mbili za insha yake kuhusu vyanzo vya maji, nami nikawa nahesabu kimya kimya kila N iliyopita.

Kibodi ya mashine ile hubadilishwa kwa dakika ishirini, na tulikuwa nayo kwenye rafu. Orodha ya simu za mwezi huu iko kwenye meza iliyo karibu na mlango, majina arobaini na moja, na mbele ya majina kumi na tisa bado hakuna aliyejiandikisha kupiga.

Asanteni kwa kunisikiliza.